Diski Haibadiliki Bure

Ipo tabia iliyoota mizizi miongoni mwetu tunaosoma kompyuta, na hata miongoni mwa wanaotupokea maofisini kwa mafunzo ya vitendo. Seva ya Linux inatoa taarifa kwamba diski fulani imepata badiliko. Hakuna aliyechomeka kitu, hakuna aliyechomoa, hakuna aliyeigawa diski upya. Baada ya muda taarifa inakuja tena, na tena. Basi fundi hufanya moja kati ya mambo matatu. Huizima mashine na kuiwasha upya. Au huipuuza taarifa akisema Linux ina kelele nyingi. Au hunakili mahali fulani mstari mmoja wa kanuni unaoiambia mashine isitoe tena taarifa hiyo. Kisha huhesabu kuwa kazi imekwisha.

Mimi nasema kazi haijaanza. Kila tukio la badiliko kwenye diski lina mwenyewe. Mwenyewe huyo anaweza kupatikana, mara nyingi kwa asubuhi moja tu, na fundi anayelinyamazisha tukio kabla ya kumjua mwenyewe anazika ushahidi. Hoja hii naielekeza kwa wanafunzi wenzangu wa Kiswahili pia, si kwa watu wa kompyuta peke yao, kwa sababu sehemu kubwa ya kosa hili ni kosa la lugha.

Tuanze na maana. Kiini cha Linux, yaani ile sehemu ya mfumo inayozungumza na vifaa moja kwa moja, hutuma ujumbe mfupi kila jambo linapokipata kifaa. Ujumbe huo hubeba jina la kitendo: add kifaa kinapoongezwa, remove kinapoondolewa, change kinapobadilika. Upande wa pili yupo mpokeaji anayeitwa udev, programu iliyoanza mwaka 2003 na ikaunganishwa na mradi wa systemd mwaka 2012. Udev husoma ujumbe, huichungulia diski kujua ina nini ndani, kisha huweka majina na viungo katika saraka ya /dev ili programu nyingine ziikute diski pale zinapoitafuta.

Add na remove hazina utata. Taabu iko kwenye change, kwa sababu neno hilo moja limebebeshwa habari za aina nyingi. Kadi imebadilishwa ndani ya kisoma kadi: change. Ukubwa wa diski umeongezwa kutoka kwenye mtambo wa hifadhi: change. Diski imegeuzwa kuwa ya kusoma tu: change. Na programu ikiifungua diski kwa ruhusa ya kuandika kisha ikaifunga: change vilevile, hata kama haikuandika herufi moja.

Hilo la mwisho ndilo chimbuko la matukio mengi yanayoitwa ya ajabu. Udev huweka jicho juu ya diski kwa kutumia huduma ya kiini iitwayo inotify. Jicho hilo halitazami data. Linatazama jambo moja tu: je, aliyefunga diski sasa hivi alikuwa ameifungua kwa kuandika? Kama jibu ni ndiyo, udev anadhani huenda kitu kimeandikwa, kwa hiyo anatengeneza yeye mwenyewe tukio la change ili diski ikaguliwe upya. Ni kama mlinzi wa shamba asiyeweza kuona ndani ya migomba, akaamua kuketi langoni. Kila anayetoka na jembe begani, mlinzi hutangaza kuwa shamba limelimwa. Huenda aliyetoka alilima kweli. Huenda alipumzika kivulini akatoka. Mlinzi hajui, alichokiona ni jembe.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili tunapopaswa kusimama na kusema jambo. Walimu wetu wametufundisha mnyambuliko wa vitenzi mpaka tukauota usiku: badili, badilika, badilisha, badilishwa, badilishana. Tumefundishwa kuwa kubadilika hakumtaji mtenda, na kwamba kubadilishwa kunaye, hata asipotajwa; msikilizaji ana haki ya kuuliza, “Na nani?” Sasa fundi anasoma change kwenye kioo, anaitafsiri kichwani mwake kuwa “diski imebadilika”, na kwa kauli hiyo moja amekwisha kumwachia mtuhumiwa aende zake. Diski imebadilika, kama maziwa yanavyochacha au kama majira yanavyogeuka. Nani atamuuliza nani? Lakini fundi huyo angesema, “Diski imefunguliwa kwa kuandika, kisha ikafungwa,” swali lingemjia bila kuitwa: imefunguliwa na nani, na alitaka nini?

Kuna na neno jingine dogo ambalo fundi hulisahau: huenda. Hata ndani ya msimbo wa kiini, pale kinapotuma change baada ya kusoma upya jedwali la patisheni, waandishi wake wameacha maelezo kuwa ujumbe huo unawaarifu wengine kwamba jedwali huenda limebadilika. Hawakusema limebadilika. Tukio la change si hukumu, ni tetesi iliyotoka kwa shahidi mwaminifu. Wazee walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tetesi ya shahidi mwaminifu huchunguzwa. Haidharauliwi, wala haiaminiwi yote.

Sasa niwajibu wanaonipinga, maana wapo, na baadhi yao wana vyeo na miaka mingi ya kazi.

Wa kwanza husema: “Matukio haya hayana madhara. Ni kelele tu. Diski inafanya kazi.” Kauli hii inavutia kwa sababu mara nyingi ni kweli, na jambo ambalo ni kweli mara nyingi ndilo linalotuponza siku lisipokuwa kweli. Tazameni kinachofuata baada ya tukio. Diski nzima yenye patisheni ikifungwa na programu iliyokuwa imeifungua kwa kuandika, udev hukiomba kiini kisome upya jedwali la patisheni. Ikiwa kuna patisheni inayotumika wakati huo, ombi hukataliwa. Lakini ikiwa hakuna inayotumika, kiini hukubali, na kukubali kwake kuna gharama: patisheni zote za diski hiyo huondolewa na kuongezwa upya. Kwa kitambo kifupi /dev/sdb1 haipo. Kiungo chake katika /dev/disk/by-uuid hakipo pia, na hakirudi mpaka udev amalize ukaguzi. Programu itakayokitafuta kiungo hicho katika kitambo hicho itaambiwa diski haipo, na itakuwa imeambiwa kweli.

Nililiona hili katika ofisi ndogo niliyofanyia mafunzo ya vitendo. Ofisi hiyo ilitunza kumbukumbu za michango ya wanachama wake, na kila usiku saa nane kamili skripti ilinakili kumbukumbu hizo kwenye diski ya akiba. Kabla ya kunakili, skripti ilikagua kama kiungo cha diski hiyo kipo. Usiku mmoja nakala inafaulu, usiku wa pili inafaulu, wa tatu skripti inaandika kuwa diski haikupatikana. Asubuhi diski ipo palepale, imewaka taa yake. Waya ulilaumiwa, ukanunuliwa mwingine. Diski ikalaumiwa, ikazungumzwa habari ya kununua nyingine. Nilipomwonyesha mkuu wa kitengo kuwa kumbukumbu za mfumo zina matukio ya change kila baada ya dakika 5, usiku na mchana, alinijibu kwa upole, “Kijana, hayo ni makelele ya udev. Weka kanuni ya kuyazima.”

“Sawa, mkuu,” nilimjibu, “ila naomba niyaache mpaka kesho.”

Kesho yake mwenyewe alipatikana. Alikuwa ni skripti nyingine ya ofisi hiyohiyo, ya kuangalia afya ya diski, iliyoitishwa kila dakika 5. Skripti hiyo ilitumia toleo la zamani la parted kuorodhesha diski zote. Kuorodhesha ni kusoma. Lakini parted ya miaka hiyo ilizifungua diski kwa kusoma na kuandika hata ilipotakiwa kuziorodhesha tu, na ni baadaye watunzaji wake walipoifanya ifungue kwa kusoma tu inapochunguza diski. Mchana kutwa, kila dakika 5, patisheni ya akiba ilikuwa ikiondolewa na kurudishwa, na hakuna aliyedhurika kwa sababu hakuna aliyeitafuta. Saa nane kamili usiku skripti mbili ziliamka pamoja. Siku ambayo ya nakala ilitangulia kwa nukta chache, kazi ilifanyika. Siku ambayo ya afya ilitangulia, nakala ilikosa diski. Kikulacho ki nguoni mwako: chombo kilichowekwa kuilinda diski ndicho kilichokuwa kikiificha.

Jiulizeni sasa kanuni ya kunyamazisha ingefanya nini pale. Ingekomesha matukio, na kwa kuwa udev asingeomba tena jedwali lisomwe upya, nakala zingefaulu. Ofisi ingefurahi, na skripti ya afya ingeendelea kufungua kila diski kwa ruhusa ya kuandika, kila dakika 5, bila mtu yeyote kujua. Programu yenye ruhusa ya kuandika kwenye diski ghafi ina uwezo wa kufuta kila kitu kilichomo. Haifai iwe nayo kama kazi yake ni kuhesabu. Kuwashwa upya nako kungefanya nini? Kungemaliza dakika 5, kisha tukio lingerudi.

Mpinzani wa pili ana hoja nzito zaidi, nami sitaipunguzia uzito wake. Anasema: “Kanuni ya nowatch imewekwa na waandishi wa udev wenyewe. Imo katika mwongozo. Ingekuwa mbaya wasingeiweka.” Ni kweli imo, na ipo kwa sababu njema. Zipo hifadhidata zinazoshika diski ghafi bila mfumo wa faili juu yake, zikizifungua na kuzifunga kwa kuandika mara nyingi. Hapo kila ufungaji huzaa tukio, na kila tukio humfanya udev aikague diski ambayo hana kazi nayo. Zipo pia seva zinazobeba mashine pepe, ambapo diski ni mali ya mgeni na mwenyeji hana haja ya kuchungulia ndani. Mtu aliyejua hayo akaandika nowatch kwa diski hizo tu, amefanya uamuzi wa kitaalamu.

Lakini dawa inayotolewa kwa cheti cha daktari haigeuki kuwa karanga za kutafuna njiani. Nowatch ina bei yake. Ukiiwekea diski ya kawaida, siku utakapoitengenezea mfumo mpya wa faili, udev hataarifiwa. Kiungo cha /dev/disk/by-uuid kitabaki na namba ya zamani, na namba mpya haitakuwa na kiungo. Fundi atakayekuja baada yako atasoma namba mpya kwenye diski, ataitafuta katika /dev, hataiona, na hatajua kwa nini, kwa kuwa mstari uliouandika umelala kimya katika faili ambalo hakuna anayelikumbuka. Umeondoa tatizo lako ukampa mwingine, tena bila barua ya makabidhiano.

Wa tatu husema hana muda. “Kumtafuta anayefungua diski ni kazi ya wataalamu wa kiini. Sisi tuna wateja.” Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayonichukiza kuliko zote, kwa sababu inatumia shughuli nyingi kama kisingizio cha kutojifunza. Njia ya kumpata mwenyewe ina maswali manne, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuyauliza.

Swali la kwanza: tukio limetoka kwa nani, kiini chenyewe au mtu aliyeliigiza? Amri ya udevadm monitor --kernel --udev --property huonyesha kila tukio na sifa zake papo hapo. Tangu toleo la 4.13 la Linux, lililotoka mwaka 2017, tukio lililotengenezwa kwa makusudi kutoka nje ya kiini hubeba sifa iitwayo SYNTH_UUID. Ukiiona, ujue kiini hakikuona badiliko lolote; kuna programu iliyokiomba kitangaze. Usipoiona, usikimbilie kumsafisha kila mtu. Kumbuka ule usomaji upya wa jedwali: hapo change hutoka kwa kiini chenyewe bila alama hiyo, lakini huandamana na remove na add za patisheni. Msafara huo ndio utambulisho wake.

Swali la pili: sifa nyingine zinasema nini? DISK_MEDIA_CHANGE ni habari ya kadi au kisahani kilichobadilishwa. Tangu toleo la 2.6.38 la mwaka 2011, kiini chenyewe kinaweza kuviuliza vifaa vya aina hiyo kila baada ya muda kama kuna kilichobadilika, na kanuni za kawaida za udev huweka muda huo kuwa milisekunde 2000. Kisoma kadi chenye mguso mbovu kinaweza kuzaa matukio siku nzima. RESIZE ni habari ya ukubwa. DISK_RO ni habari ya kugeuzwa kuwa ya kusoma tu au kurudishwa. Diski zinazofuata itifaki ya SCSI zina sifa zao zinazoanza na SDEV_UA, ambazo ni malalamiko ya kifaa chenyewe: ukubwa wangu umebadilika, maelezo yangu yamebadilika. Mtu anayenyamazisha vyote hivi kwa pamoja kwa jina la kelele anafanana na muuguzi anayeziba masikio wodini kwa sababu wagonjwa wanaongea wengi.

Swali la tatu: tukio lina mwendo gani? Linalokuja kila dakika 5 au kila saa kamili lina ratiba, na mwenye ratiba hutafutwa kwenye ratiba: cron na orodha ya systemctl list-timers. Linalokuja baada ya kusakinisha au kusasisha programu huenda limetokana na amri ya udevadm trigger iliyofichwa ndani ya kifurushi. Amri hiyo isipoelekezwa vingine hutuma change, na inaweza kuutuma kwa vifaa vyote. Linalokuja bila mpangilio, pamoja na makosa ya kusoma na kuandika katika dmesg, linakuelekeza kwenye waya, umeme au diski yenyewe. Mwendo wa tukio ni nusu ya jibu.

Swali la nne: nani aliishika diski? Hapa huhitaji kubahatisha. Mfumo wa ukaguzi wa Linux unaweza kuwekwa langoni kwa mstari mmoja, auditctl -w /dev/sdb -p w -k nani, na kila anayeifungua diski hiyo kwa kuandika huandikwa: jina la programu, namba yake, namba ya aliyeizaa, na namba ya mtumiaji aliyeingia mwanzo, ambayo haibadiliki hata kama baadaye alitumia sudo. Baada ya tukio moja au mawili unasoma daftari kwa ausearch -k nani -i. Neno nani mle ndani ni langu. Unaweza kuweka lolote. Mimi nimelichagua kwa sababu ndilo swali tunaloogopa kuliuliza. Daftari likikosa jina, usikate tamaa: yule wa udevadm trigger haifungui diski, huandika katika faili la uevent ndani ya /sys. Basi weka lango la pili kwenye programu ya udevadm yenyewe.

Asiyeamini na ajaribu bila kuhatarisha diski ya mtu. Tengeneza faili tupu la megabaiti 64, liunganishe kama diski kwa losetup, fungua udevadm monitor kwenye dirisha la pili, kisha toa amri sudo sh -c ': >> /dev/loop0', kwa namba ya kifaa ulichopewa. Amri hiyo hufungua kwa kuandika, haiandiki chochote, na kufunga. Change itatokea mbele ya macho yako. Hakuna herufi iliyobadilika kwenye diski ile, na mashine imetangaza badiliko. Somo hilo la dakika 3 lina thamani kuliko mihadhara miwili ya kukariri tafsiri ya neno event.

Na mwenyewe akishapatikana, tiba huwa nyepesi. Programu inayosoma tu ifunguliwe kwa kusoma tu. Inayolazimika kuandika, kama ile ya kugawa diski, ishike kwanza kufuli ya flock juu ya diski nzima. Udev akikuta kufuli hiyo husubiri, na akaguzi huja mara moja kazi ikiisha badala ya kugombana katikati ya kazi. Tangu toleo la 251 la systemd, la mwaka 2022, kuna hata amri ya udevadm lock inayoishika kufuli kwa niaba ya programu isiyojua kuishika. Ratiba mbili zinazogongana zitenganishwe. Katika ofisi ile, skripti ya afya ilisahihishwa itumie lsblk, ambayo haihitaji kuifungua diski kwa kuandika. Waya mpya ulikuwa umekwisha kulipiwa.

Najua kuna mwalimu atakayesema kuwa insha hii imepotea njia, kwamba mahali pake ni jarida la kompyuta, na kwamba sisi wa Kiswahili tubaki na ushairi na ngeli. Naomba kutofautiana naye kwa heshima. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi, na Rwanda ilikuwa imekwisha kukirasimisha mwaka 2017. Lugha rasmi si ya hotuba za sherehe tu. Ni lugha ambayo fundi wa zamu ya usiku anamwandikia fundi wa zamu ya asubuhi: nini kimetokea, nani amekifanya, nimegundua vipi, nimeacha nini. Ripoti ya hitilafu ni utanzu wa maandishi kama ulivyo utanzu wowote, na una kanuni zake. Kanuni ya kwanza ni kumtaja mtenda. Kiswahili kimejaliwa kiambishi kinachomdai mtenda katika kila kitenzi; tukishindwa kuandika ripoti inayosema nani, kosa haliko katika lugha.

Kwa hiyo nina madai mawili. Kwa walimu wa kompyuta: acheni kutoa alama kwa mwanafunzi aliyefanya taarifa ya kosa itoweke. Mpeni alama aliyeeleza kwa nini ilitokea, hata kama bado inatokea. Mkituuliza katika mtihani namna ya kuzima tukio, tutajifunza kuzima. Mkituuliza limetoka kwa nani, tutajifunza kutafuta. Kwa walimu wa Kiswahili: tupeni ripoti hizi tuziandike darasani, kwa lugha sanifu, pamoja na minyambuliko tuliyokwisha kuikariri, ili siku tutakapokuwa zamu tusiandike “diski imebadilika” tukaenda kulala.

Nanyi wenzangu mtakaokaa mbele ya seva hizo mwaka huu au ujao, mkubwa wenu akiwaambia mzime kelele, msibishane naye kwa maneno matupu. Ombeni siku moja. Wekeni lango, msubiri tukio, msome daftari, kisha mrudi kwake na jina la programu, saa iliyofungua diski, na njia ya kuisahihisha. Ikiwa baada ya hapo jibu sahihi ni nowatch, iandikeni, na juu ya mstari huo mwandike kwa Kiswahili kinachosomeka: nani alikuwa akiifungua diski hii, kwa nini tumeamua asitangazwe, na tarehe. Atakayekuja baada yenu atashukuru kuikuta.